Makala si filamu ya kutia moyo

Kila mara vijana wa rika letu wanapozungumza juu ya kufeli, iwe mtihani, iwe konkuri ya kazi, iwe biashara ya kuku iliyokufa pamoja na kuku zenyewe, hakukosi mutu wa kutaja filamu Makala. Ile ya kijana wa Walemba anayesukuma kinga ya makala mpaka Kolwezi. "Muangalie Kabwita," wanasema. "Kamyo ilimugonga, akasimama. Bariyera wakamukamata, akasimama. Na wewe mwenye diplome unalia juu ya sesioni ya pili?" Nimesikia maneno hayo katika konferansi za vijana, nimeyasikia kanisani, na kwenye makundi yetu ya WhatsApp yanapita kila mwezi wa matokeo. Mimi naona wanaoitumia filamu hivyo hawakuiangalia mpaka mwisho, ao waliiangalia na macho yaliyokwisha kuamua. Makala ni filamu nzuri, ina makosa yake ambayo nitayasema, lakini si mahubiri ya kuinuka. Inasema kitu kingine, na hicho kingine njo kinatufaa sisi.

Kwa wale ambao hawajaiona bado: aliyeifanya ni Mfaransa, Emmanuel Gras. Ilitoka 2017, na mwaka ule ule ikapata zawadi kubwa ya Wiki ya Wakosoaji kule Cannes. Inachukua kama saa moja na nusu. Hakuna sauti inayotueleza kitu, hakuna mtaalamu aliyekaa kwenye kiti kutuambia umaskini ni nini. Kuna mutu, shoka, na mti mkubwa. Kabwita Kasongo anaukata mti ule kwa mikono yake, na Gras anatuacha tusikilize shoka mpaka mti unaanguka. Halafu unakatwa vipande, vinapangwa, vinafunikwa na bulongo, moto unawashwa. Sisi tuliokulia Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi tunanunua makala kwa mfuko ao kwa kafungu kadogo, tunapika bukari, maneno inaisha. Filamu inatuonyesha siku zilizofichwa ndani ya kafungu kale. Tanuru la bulongo halimpi mutu usingizi: hewa ikiingia mahali pamoja tu, kuni zinawaka kabisa, zinakuwa majivu, na kazi yote imekwenda. Lazima uzunguke, utazame moshi unatokea wapi, uzibe. Kisha mifuko inajazwa, inafungwa juu ya kinga mpaka kinga yenyewe haionekani tena. Kutoka kijijini mpaka mjini ni kilometa kama 50. Mchanga, vilima, vumbi, na makamyo yanayopita bila kupunguza mwendo. Anaisukuma kwa miguu, siku nyingi, na usiku analala njiani.

Sisi tuna faida moja juu ya watazamaji wa Paris. Watu wa ndani ya filamu wanasema Kiswahili chetu, hiki cha Katanga, na wanakisema namna ya kusemea nyumbani, si ya kusemea kamera. Wakati Kabwita na Lydie, mke wake, wanazungumza juu ya nyumba wanayotaka kujenga, unasikia sauti ya kaka yako na shemeji yako. Hawasemi "ndoto". Wanasema mambo ya bulongo, ya vyumba, ya mabati. Nani atalala wapi. Mutu anayesoma maandishi ya chini anakosa upole ulio katika namna Lydie anavyojibu, na anakosa pia kicheko kidogo. Nimeshangaa kuona wenzetu wanaosifu "nguvu" ya Kabwita hawamtaji Lydie hata mara moja. Yeye anabaki na watoto siku zote zile, na nyumba inabidi ile bila baba. Kama kuna kuinuka katika filamu hii, kunaanza kwake.

Sasa tuangalie namna Kabwita anavyoinuka, juu hapo njo wahubiri wanakosea. Barabarani gari linaigonga kinga yake, mzigo unaanguka. Katika filamu ya Marekani hapo muziki ungepanda, mutu angeinua uso kutazama mbingu. Katika Makala hakuna. Kuna kazi. Kuona nini kimepotea, kuokota kinachookoteka, kufunga tena kamba, kutafuta namna kinga itarudi kusimama. Mwenye kuijua kinga ya makala anajua kwamba ikiwa imejaa hivyo, mutu mumoja hawezi kuinua. Uzito wake unapita uzito wa mwenye kuisukuma. Na barabara ile ina wengine pia, wenye kinga zao na mifuko yao, vumbi lile lile usoni. Neno "kujiinua", tunalolipenda sana, ukilitazama mbele ya kinga ya makala linakuwa karibu mzaha. Hapana mutu anayejiinua pale. Anainuliwa, ao anangoja.

Kisha kuna hesabu. Mfuko moja uliopasuka si "somo la maisha" kwa Kabwita. Ni kipande cha mabati. Tunasikia sana kwamba tajiri fulani wa ng'ambo alifeli mara kumi, mara ya kumi na moja akafaulu. Ni kweli, inawezekana. Lakini swali ambalo hapana mutu anauliza ni hili: nani alilipa mara zile kumi? Mwenye mshahara akipoteza mfuko, anacheka jioni na wenzake. Mwenye baba aliye na nyumba ya kupangisha akifunga duka, anarudi kula kwa baba na mwaka ujao anafungua lingine. Kujaribu tena kuna bei. Wenye kuweza kuilipa wanakuja kwenye jukwaa kutusimulia, wasioweza hatuwasikii, halafu sisi tunafikiri tofauti ilikuwa katika moyo.

Karibu na mji wanamsimamisha kwenye bariyera. Lazima atoe kitu ndipo apite. Anajaribu kuomba, kueleza. Sura yake pale haina ushujaa wowote, na hiyo ni heshima ya Gras kwamba hakuitafutia ushujaa. Ni sura tunayoijua vizuri: sura ya mutu anayepima sauti yake, anasema "papa" kwa kijana mdogo kuliko yeye, kwa sababu kijana yule njo anashika kamba. Wangapi kati yetu tumevaa sura hiyo mbele ya sekretere fulani, na dosye mkononi?

Mjini wamama wanabishana naye bei. Si wabaya. Wao pia wana bukari ya jioni na watoto, na wanajua kwamba mutu aliyesukuma siku zote zile hawezi kurudi na mzigo. Hapo Gras anaweka kamera karibu, haongezi kitu, na tunaona bei ikishuka neno kwa neno. Binti mkubwa wa Kabwita anakaa huko mjini kwa ndugu. Sitasimulia sehemu ile, muione wenyewe. Halafu anakwenda kuuliza bei ya mabati.

Kwangu mimi hiyo njo filamu yenyewe. Anauliza bei, anahesabu, na hesabu haitoshi. Haikaribii hata kutosha. Tukumbuke amefanya nini mpaka pale. Alichagua mti mzuri. Tanuru halikuwaka ovyo. Alifunga mzigo vizuri. Hakunywa pesa. Alivumilia usiku, baridi, vumbi, kamyo, bariyera, na mabishano ya wamama. Vitabu vyote vya kufaulu vinavyouzwa kandokando ya barabara vinasema ufanye nini: uwe na kusudi, uwe na mpango, uwe na nidhamu, usikate tamaa. Kabwita ana vyote vine. Na hesabu haitoshi. Kufeli bila kosa: katika vitabu vile sijaona sura inayoongea juu ya hilo.

Nirudi kwa Gras, maana sifa zimekuwa nyingi. Kitu cha kwanza kinachonisumbua ni muziki. Kuna sauti ya selo, ya Gaspar Claus, inayoingia barabarani na kulia juu ya mgongo wa Kabwita. Ni muziki mzuri, ukiusikiliza peke yake. Lakini unatuamrisha kuhuzunika mahali ambapo mutu anafanya kazi yake. Yeye hahuzuniki wakati ule, anatazama gurudumu. Pale ambapo Gras ananyamaza na kutuachia sauti ya mnyororo, ya pumzi, ya mchanga chini ya tairi, filamu ina nguvu mara mbili. Selo inamfanya Kabwita kuwa alama ya kitu, na mutu akishakuwa alama, kila mwenye kipaza sauti anaweza kumkamata na kumtumia.

Wakosoaji wa Ulaya nao walikimbilia jina la Sisyphus, yule wa hadithi ya Wagiriki anayesukuma jiwe mlimani, jiwe linarudi, anasukuma tena mpaka milele. Naelewa kwa nini: picha zinafanana. Lakini si kweli hata kidogo. Sisyphus aliadhibiwa na miungu, anasukuma jiwe lisilo na faida kwa mutu yeyote. Kabwita hakuadhibiwa na mungu. Mzigo wake una wateja, una bei, una ushuru, na mji mzima unaula kila jioni. Ukimwita Sisyphus umeshafuta bariyera, umefuta soko, umefuta swali la nani anafaidika. Inabaki mutu na hatima yake. Na hapo njo Mfaransa mwenye kuhuzunika na mhubiri wetu mwenye kupiga makofi wanakutana: mumoja anasema "masikini", mwingine "shujaa", wote wawili wanatazama mgongo, hawaangalii barabara.

Barabara ile filamu yenyewe haikuieleza, na hilo njo kosa lake kubwa. Nafahamu, Gras alichagua kukaa karibu na mutu mumoja na kutotoa mafundisho. Ni haki yake. Ila kuna kitu ambacho mtazamaji wa Kolwezi anajua na mtazamaji wa Cannes hakujua, na bila hicho safari ya Kabwita inaonekana kama desturi ya zamani ya Kiafrika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ya Mobutu ilimaliza kujenga laini ya umeme kutoka Inga, kule chini kwenye mto Kongo, mpaka huku kwetu. Kilometa karibu 1,700, kati ya laini ndefu kuliko zote duniani wakati ule. Ilijengwa kwa ajili ya migodi ya shaba. Inapita juu ya vichwa vya watu wa vijiji vingi bila kuwashushia hata taa moja. Na inaishia wapi? Kolwezi. Mji ule ule ambamo Kabwita anasukuma makala yake, kwa sababu wamama wa Kolwezi wanapika na makala. Umeme unakwenda kwenye migodi, mti wa Walemba unakwenda jikoni. Mutu anayesifu "uvumilivu" wa Kabwita bila kutaja laini ya Inga ni kama mutu anayesifu kuogelea kwa mwenzake bila kuuliza nani alivunja daraja.

Hilo neno lenyewe, rezilianse, linastahili kutazamwa. Siku hizi liko kila mahali: katika miradi ya ONG, katika hotuba za mawaziri, katika barua zetu za kuomba kazi ("mimi ni mutu wa rezilianse"). Rafiki zetu wa politekniki wanalijua tangu zamani, na kwao lina maana nyingine. Katika maabara ya vyuma, rezilianse inapimwa kwa mashine ya Georges Charpy, mhandisi Mfaransa wa mwanzo wa karne ya 20. Unachukua kipande cha chuma, urefu milimita 55, unene milimita 10 kwa 10, unakichonga alama katikati, kina chake milimita 2. Halafu unaachia nyundo nzito inayoning'inia, inakipiga mara moja kutoka upande wa nyuma ya alama. Rezilianse ni nguvu iliyotumika kukivunja. Ehe, kukivunja. Katika kipimo kile hakuna chuma kinachorudi kama zamani. Kinaokotwa chini, vipande viwili.

Na kuna jambo lingine ambalo kila mwanafunzi wa vyuma anaandika katika kitabu chake cha mazoezi: vyuma vingi vya ujenzi, ukivipima katika joto la kawaida, vinavumilia; ukivipoesha sana, chuma kile kile, cha kiwanda kile kile, kinavunjika kama glasi. Chuma hakikubadilika tabia. Baridi iliongezeka. Sipendi mifano inayovutwa kwa nguvu, lakini huu ulikuwa ndani ya neno kabla ya mahubiri kulichukua. Mutu anasema "fulani hana rezilianse" bila kuuliza alikuwa katika baridi ya namna gani, na alama katikati yake ilichongwa na nani.

Aliyelileta neno hilo kwa watu wengi wa lugha ya Kifaransa, akilitoa katika vyuma na kuliweka katika mioyo ya watu, ni daktari Boris Cyrulnik, hasa kwa kitabu chake cha 1999, Un merveilleux malheur. Alijua anachosema. Alikuwa mtoto wa Kiyahudi wa Bordeaux, wazazi wake walichukuliwa katika vita ya pili ya dunia hawakurudi, na yeye mwenyewe aliponyoka kukamatwa akiwa na miaka sita. Lakini hakuponyoka kwa sababu ya mawazo mazuri kichwani. Watu walimficha. Na katika mafundisho yake anarudia sana neno moja, tuteur, yaani kijiti kile tunachokisimamisha kando ya mche wa nyanya ili uwe na pa kuegemea. Mutu aliyejeruhiwa anaota tena akipata kijiti hicho: mwalimu, shangazi, jirani, kikundi. Neno lilipofika kwetu kwenye konferansi, kijiti kilikuwa kimeanguka njiani. Tulipokea nyanya peke yake, na amri ya kusimama wima.

Lakini tusidanganyane, amri hiyo hatukuipokea kutoka Ufaransa. Sisi tulikuwa nayo tayari. Article 15, sheria ambayo haimo katika katiba yetu yoyote ya leo na ambayo kila Mkongomani anaijua: jipange mwenyewe. Kubeta libanga, wanasema wa Kinshasa, kuponda mawe. Kuna kiburi kizuri ndani ya maneno hayo, sitayadharau, yalilisha wengi. Ila angalieni mutu anayeyatamka. Yakitoka kinywani mwa mama anayeuza beignets, ni wimbo. Yakitoka kinywani mwa mwenye kushika hazina, ni kujiondoa katika kazi yake. Watoto wa Gécamines wanaelewa bila mimi kueleza. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni ile, wengi wakidai mishahara ya miezi na miezi, waliondoka katika mpango ulioitwa "kuondoka kwa hiari", wakapewa kiasi cha pesa mara moja tu, basi. Wengine walinunua basi dogo likafa, wengine mashamba, wengine walilipa madeni ikabaki kidogo. Baba zetu hao hawakukosa nidhamu. Waliamka kwa sirene miaka 20 na zaidi. Tukiwa watoto tuliambiwa nusu-nusu kwamba papa fulani "hakujua kujipanga". Na wengi wa wale mapapa walikufa wakiamini hivyo.

Hapo njo naona hatari kwetu, na sababu ya mimi kuandika maneno mengi juu ya filamu ya 2017. Kuna kijana wa promosio yetu, sitamtaja, alimaliza na alama nzuri. Miaka mitatu alipeleka dosye. Mahali pengine, alikuja kujua baadaye, nafasi ilikuwa imeshapewa mutu kabla tangazo halijabandikwa. Dosye za wengine zilikusanywa kwa sura tu. Yeye hakuanza kuwaza juu ya ofisi ile. Alianza kuwaza juu ya nafsi yake. Alikwenda maombi ya kufunguliwa, alisoma vitabu vya asubuhi ya washindi, aliamka saa kumi ya usiku kwa muda wa miezi, akakonda. Siku moja akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa: "Minazani niko na kitu kibaya ndani." Bwana, kijana yule hakuwa na kitu kibaya ndani. Aliambiwa mara mia kwamba mwenye moyo anafika, yeye hakufika, akafanya hesabu rahisi.

Makala ingemsaidia kama ingesomwa vizuri, kwa sababu ndani yake kuna kufeli kwa namna mbili, na Kabwita hazichanganyi. Kuna shimo la tanuru na kuna bariyera. Shimo la tanuru ni lako. Moshi ukitokea upande usiofaa, usimlaani serikali, chukua bulongo uzibe, na kama ulilala, umelala. Mwanafunzi ambaye hakufungua kozi tangu Januari akasema profesere anamchukia, yule ana shimo la tanuru, na wenye kumwambia aamke saa kumi wana haki kabisa. Hapo mahubiri yanafaa, hata mimi nitapiga makofi. Bariyera si yako. Mbele ya bariyera Kabwita hajichunguzi moyo. Hajiulizi kama ana imani ya kutosha. Anajua ni bariyera, anatafuta namna ya kupita na hasara ndogo zaidi, anapita akiwa na hasira. Hasira ile inamlinda. Inamwambia kwamba kilichopungua kimechukuliwa, hakikukosekana ndani yake.

Wanaoharibu vijana ni wale wanaoita kila bariyera shimo la tanuru. Nao wapo, tuseme ukweli, wanaofanya kinyume: kila shimo lao wanaliita bariyera, miaka inapita, ni wachawi, ni ukabila, ni profesere, na tanuru limekuwa majivu. Kuzitofautisha ni kazi ngumu, mara nyingi mutu hawezi peke yake, maana ukiwa ndani ya moshi huoni moshi unatokea wapi. Mwenzako anayezunguka upande wa pili anaona. Ndiyo maana nasikitika kwamba asosiasio nyingi za wasomi wakikutana juu ya kazi wanaleta msemaji wa kutia moyo, wanalipa soda na viti, na hawaweki mezani jambo dogo kama hili: nani alipeleka dosye wapi, alijibiwa nini, aliombwa nini. Tungefanya hivyo mwaka mmoja tu, tungekuwa na ramani ya bariyera za Lubumbashi nzima. Na tungekuwa pia na aibu kidogo juu ya mashimo yetu.

Wengine watanijibu kwamba filamu inaisha kanisani, kwa hiyo ni filamu ya tumaini, na mimi naipoteza. Ni kweli inaisha kanisani. Usiku, mjini, makala imeuzwa, mabati hayakununuliwa. Watu wanasali kwa sauti, kila mutu maneno yake, mikono juu, na Kabwita yuko katikati yao. Mmoja wa wenzangu aliona pale ushindi. Mwingine, aliyesoma falsafa, aliona dawa ya kulaza watu. Mimi naona kwanza mikono yake. Kwa saa moja na zaidi tuliiona mikono ile ikiwa na shoka, na kamba, na usukani wa kinga. Pale kwa mara ya kwanza haishiki kitu. Na ni mahali pa pekee baada ya kutoka Walemba ambapo anasema kwa sauti anachohitaji, kati ya watu ambao nao wanasema chao, bila mutu kumbishania bei. Sioni ushindi, sioni usingizi. Naona mutu aliyechoka anayesemea haja yake kwa nguvu.

Gras anakata pale pale. Hatumwoni akirudi. Wale wanaotuambia "aliinuka" wanatusimulia sehemu ambayo haikupigwa picha. Kinga tupu inarudi kilometa 50, anafika, Lydie anatoka nje na watoto, na lazima amwambie bei ya mabati. Sijui wanasema nini usiku ule, kama wanapunguza chumba kimoja, kama wanachagua nyasi kwa mwaka mwingine, ao kama Lydie ananyamaza tu na kumwekea maji ya kunawa. Mti mwingine wa ukubwa ule hauko karibu na nyumba tena. Ulikuwa mkubwa kwa sababu watu waliuacha miaka mingi. Utafutwe mbali zaidi, na barabara itaanzia huko.